Shajara ya mtoto si ghala la picha

Mwenye kituo kimoja cha kulelea watoto hapa Nairobi ameniuliza kama naweza kumwandikia programu ya shajara za watoto, "kama zile za Uingereza." Anataka mwalimu apige picha mtoto akipanga vibao, aandike maneno mawili matatu, na mama aliye kazini aione kwenye simu kabla ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe si ngumu. Hifadhidata ndogo, seva, programu ya Android, basi. Lakini kabla sijaandika hata mstari mmoja nimeanza kubishana naye, na leo nataka nibishane nanyi pia.

Tuanzie hukohuko Uingereza. Mwaka 2008 vituo vya watoto vya England vilianza kufuata mwongozo uitwao EYFS, unaohusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 5. Mwalimu alitakiwa kufuatilia ukuaji wa kila mtoto: anavyosema, anavyotembea, anavyocheza na wenzake. Madaftari yakajaa picha zilizobandikwa kwa gundi. Waandishi wa programu wakanusa soko, zikaja Tapestry, Famly na nyinginezo.

Sasa sikieni. Programu ikishafanya jambo kuwa rahisi, watu hulifanya mara nyingi zaidi, hata lisipohitajika. Mwalimu anayesaka picha ya kila mtoto kila siku anamtazama mtoto kupitia kioo cha simu. Serikali yenyewe iliona hatari hiyo. Mwongozo uliorekebishwa, ulioanza kutumika Septemba 2021, unasema upimaji usimwondoe mwalimu kwa muda mrefu kwenye shughuli zake na watoto, na kwamba halazimiki kukusanya ushahidi wa kuthibitisha anachokijua. Yaani kile tulichokuwa tukiwauzia, rundo la ushahidi, hakikuwa lazima!

Wa kuigwa, kwa maoni yangu, ni New Zealand. Huko Margaret Carr, mmoja wa walioongoza uandishi wa mtaala wa Te Whāriki wa mwaka 1996, alieneza kitu kiitwacho hadithi za kujifunza. Mwalimu haweki alama za vema kwenye visanduku. Anaandika kisa kifupi: mtoto alivutiwa na nini, alishikilia vipi jambo lilipomshinda, kesho tumpe nini. Picha inaweza kuwepo, lakini haibebi kisa. Na mzazi anaweza kuongeza chake.

Hapo pa mzazi ndipo ninapoona faida ya kweli ya kompyuta. Fikiria mtoto wa miaka 3 asiyesema neno kituoni. Mwalimu anaandika "amechelewa kuzungumza." Kumbe nyumbani anapiga soga na nyanya yake kwa Kiluo kutwa nzima, ila kituoni kila mtu anaongea Kiswahili na Kiingereza. Mama anaondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Anayemleta na kumchukua mtoto ni jirani. Wapi wataonana na mwalimu? Ujumbe wa sauti wa sekunde 40, mama akimrekodi mtoto akisimulia, unafuta dhana mbaya kabla haijageuka faili. Kitu hicho nitakiandika kwa moyo wote.

Mtaniambia wazazi wanapenda picha na ndio wanaolipa. Kweli, na mwenye kituo anajua picha huleta wateja wapya. Lakini mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haina utani hapo: bila ruhusa ya mzazi au mlezi, usiguse taarifa za mtoto.

Na idhini haimzuii mwizi. Septemba 2025 kundi lililojiita Radiant lilidai kuiba taarifa za watoto wapatao 8,000 wa vituo vya Kido, vilivyo London na kwingineko, likaanika mtandaoni picha, majina na anwani za baadhi yao ili lilipwe. Taarifa zilichukuliwa kutoka akaunti za vituo hivyo kwenye Famly. Kampuni hiyo ilisema mfumo wake wenyewe haukuvunjwa. Sawa, lakini kwa mzazi aliyeona uso wa mwanawe pale, tofauti hiyo inamsaidia nini?

Kwa hiyo masharti yangu ni haya. Visa viwili au vitatu kwa mwezi kwa kila mtoto, visizidi. Maandishi kwanza, picha ikibidi. Programu ifanye kazi bila mtandao na kutuma jioni, maana bando ni pesa. Hakuna grafu ya kumlinganisha mtoto na mwenzake. Anayeitaka akaitafute kwa mwingine. Anwani ya nyumbani isiingie kabisa kwenye shajara. Kuingia kuwe kwa nywila na namba ya siri inayotumwa kwa simu, kila mwalimu na akaunti yake, si ile moja ya kituo kizima iliyobandikwa ukutani. Mtoto akihama, mzazi anapewa nakala yake, na baada ya siku 30 kila kitu kinafutwa kwenye seva. Pamoja na nakala za akiba, jamani, zile ambazo wengi wetu huziacha zikikaa miaka.