Mji wa Marekani upimwe kwa basi la alfajiri

Simu ikiita, sijui nitapelekwa mji gani. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili wa hospitali, nafanya kazi kwa simu nikiwa chumbani kwangu Buffalo, jimbo la New York. Asubuhi daktari yuko Louisville, Kentucky. Baadaye muuguzi ananiita kutoka Des Moines, Iowa. Mchana ni Houston, jioni ni Boise. Siri za wagonjwa zinabaki kwa wagonjwa. Ila mkalimani anasikia pia mambo yasiyo ya ugonjwa: kwa nini mama hakufika kliniki wiki iliyopita, kwa nini dawa haikununuliwa, kwa nini baba anaomba tena apangiwe siku nyingine. Majibu yanatofautiana mji kwa mji, na kwa majibu hayo nimeijua miji ambayo sijawahi kuikanyaga.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kasulu na Kigoma wanaponiuliza mji gani wa Marekani unafaa kuishi, jibu ninalo. Mji unaomfaa mgeni ni ule ambao mtu asiye na gari anafika kazini alfajiri, anamfikisha mtoto hospitali siku hiyo hiyo anayozidiwa, na kodi ya nyumba ikishalipwa kuna kitu kinabaki mfukoni. Jua, ufukwe, maghorofa na jina linalojulikana mpaka soko la Mwanga kule Kigoma siviweki kwenye hesabu hiyo.

Wapo wanaonitumia orodha. U.S. News & World Report hutoa orodha ya miji bora ya kuishi Marekani. Mwaka 2022 wa kwanza ulikuwa Huntsville, Alabama. Mwaka 2023 ukawa Green Bay, Wisconsin. Mwaka 2024 ikawa Naples, Florida, na 2025 Johns Creek, Georgia. Nilipoitazama miji hiyo minne niliona jambo ambalo orodha haikulitaja: yote iko kwenye majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama sheria ya afya ya mwaka 2010 ilivyoyaruhusu. Mtu mzima mwenye mshahara mdogo ambaye Kentucky au Ohio angepata bima hiyo, huko anaweza kuikosa. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza ana kikwazo kingine. Sheria ya mwaka 1996 inamtaka mwenye ukaazi wa kudumu asubiri miaka 5 kabla ya kuingia Medicaid, isipokuwa jimbo lenyewe likubali kumgharimia kwa fedha zake. New York imekuwa ikikubali. Orodha ya gazeti imepangwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana bima, ana gari, ana akiba benki. Anayeshuka uwanja wa ndege na masanduku mawili na watoto watatu hakufikiriwa humo.

Sasa niseme juu ya Houston, maana Watanzania wengi wako huko na kila anayeniuliza ana binamu anayemwita. Sifa zake ni za kweli. Kazi zipo, baridi ni ya siku chache, jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato. Pale pana Texas Medical Center, mkusanyiko wa hospitali unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani. Pamoja na hayo, kutoka Houston ndiko ninakosikia sentensi moja ikirudiwa kuliko mji mwingine wowote: gari limeharibika. Gari likiharibika, kliniki imekosekana, zamu imekosekana, na baada ya zamu mbili kazi yenyewe iko hatarini.

Sababu ni ukubwa wa mji. Houston umetandaa juu ya kilomita za mraba zaidi ya 1,600. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, ukihesabu nchi kavu, haufiki 1,400, na una watu zaidi ya milioni 5, wakati Houston ina milioni 2 na kidogo. Watu wamesambaa mno kiasi kwamba basi haliwezi kupita karibu na kila mmoja. Ndiyo maana mgeni wa Houston, kabla hajalipa deni la nauli ya ndege, anaingia deni la gari, na juu yake bima, mafuta na matengenezo. Kodi ya mapato isiyotozwa inarudi kwa mlango mwingine, kwa sababu kodi ya majengo Texas ni kubwa na mwenye nyumba anaijumlisha kwenye pango. Kima cha chini cha mshahara ni kile cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009. Na mvua: kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga katika baadhi ya maeneo zaidi ya mita moja ya maji kwa siku chache tu. Binamu mwenye gari, nyumba na ufundi wake anaishi vizuri Houston, na simlaumu kwa kuusifu mji wake. Ila ajue kwamba anamwita mtu aje kuishi maisha yake ya leo, wakati huyo mtu ataanzia pale yeye alipoanzia.

Kazi ya kwanza ya wengi wetu ni kuwahudumia wazee na wagonjwa kwenye nyumba za kulelea, au ghalani, au kiwanda cha nyama. Kazi ya kulea wazee kwa kawaida inaanza saa moja asubuhi, saa tisa mchana au saa tano usiku. Mgeni hachagui zamu, anapewa iliyokataliwa na wenzake. Kwa hiyo mtu akiniambia mji wake una mabasi mazuri, namuuliza basi la mwisho linapita saa ngapi na la kwanza saa ngapi. Mwenye zamu ya saa tano usiku anatoka saa moja asubuhi, na hapo watoto wanatakiwa kuwa njiani kwenda shule.

Mimi nilichagua Buffalo, na kwa familia yenye watoto wa shule naitetea mbele ya mtu yeyote. Mwaka 1950 mji huu ulikuwa na watu 580,000. Viwanda vya chuma vikafungwa, watu wakahama, na kufikia 2010 walibaki 261,000. Sensa ya 2020 ikakuta 278,000, ongezeko la kwanza kwa miaka 70, na walioleta ongezeko hilo kwa sehemu kubwa ni wahamiaji: Wabangladeshi, watu wa Burma, Wasomali, Wakongo, Warundi. Mji uliojengwa kwa ajili ya watu wengi hivyo ulibaki na nyumba. Upande wa magharibi ninakokaa zimejaa nyumba za mbao za familia mbili, moja chini na moja juu, zenye kibaraza mbele. Familia mbili za ndugu zinaweza kukodi nyumba nzima na kugawana. Reli ya mjini ni njia moja tu ya kilomita kama 10, lakini mabasi yanaunganisha upande wetu na hospitali, na kwa dharura mtu anatembea kwa miguu akafika dukani. Kima cha chini cha mshahara kimevuka dola 15. Mtoto akimaliza sekondari ya umma hapa, mpango wa Say Yes Buffalo, ulioanza karibu 2012, unamsaidia ada ya chuo. Kwa mzazi anayesafisha sakafu usiku, hilo ni jambo la kumfanya avumilie theluji.

Halafu kuna Kiswahili. Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2007 Warundi waliokimbia nchi yao 1972 na kuishi kambini Tanzania, kisha wakaja Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu. Hao ni majirani zangu wa Kasulu. Ukipita Grant Street unasikia Kiswahili cha Kigoma kikichanganyika na cha Bukavu, unapata unga wa ugali, dagaa na kisamvu ambacho wenzetu wanakiita sombe. Mtu akifiwa, nyumba inajaa watu kabla ya jioni. Mama akijifungua, kuna wa kumpikia uji.

Ubaya wake nausema wazi. Desemba 2022 tufani ya theluji iliua watu zaidi ya 40 katika kaunti yetu, baadhi yao wakiwa wamenasa ndani ya magari. Serikali ikitangaza marufuku ya kusafiri, kaa ndani hata kama bosi anapiga simu. Mei 14 mwaka huo huo kijana mbaguzi alisafiri kutoka mji mwingine mpaka duka la Tops, Jefferson Avenue, akaua watu weusi 10. Hakuna mji wa Marekani ninaoweza kumhakikishia mtu mweusi kwamba hilo halitamfika.

Kuna pia hatari ya kimya inayoniletea simu nyingi. Nyumba hizi za zamani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ilipigwa marufuku majumbani 1978. Vumbi lake likimwingia mtoto linaathiri akili yake, na nimewatafsiria akina mama majibu ya damu huku wakilia. Kabla ya kusaini mkataba uliza nyumba ilijengwa mwaka gani. Kama ni kabla ya 1978, sheria inamtaka mwenye nyumba akuambie maandishini anachojua kuhusu rangi hiyo. Mtoto mdogo apimwe damu mapema, asingojewe mpaka aonekane mgonjwa.

Muuguzi kijana asiye na familia asinifuate mimi, aende Minneapolis. Baridi ni kali kuliko yetu, lakini kazi za afya ni nyingi, treni zipo, na Wakenya waliomtangulia ni wengi. New York City ina treni usiku kucha, ila kodi ya kawaida ya nyumba Manhattan imekuwa ikizidi dola 4,000 kwa mwezi. Anayelipwa dola 18 kwa saa, kwa saa 40 kwa wiki, anapata kama 3,100 kwa mwezi kabla ya makato. Louisville na Des Moines, kwa ninayoyasikia simuni, ni nzuri kama utapata nyumba karibu na njia ya basi.

Mwenye viza mkononi apige simu kabla hajakata tiketi. Amuulize ndugu anayemwita: nitalala wapi miezi mitatu ya kwanza, nani atamchukua mwanangu shuleni nikiwa kazini, na basi la alfajiri linapita mtaa gani. Viza ya uhamiaji kwa kawaida inakupa hadi miezi 6 ya kuingia, hivyo kama tarehe zinaruhusu, tua Mei. Utakuwa na miezi ya joto ya kujifunza njia, kufanya mtihani wa leseni na kununua makoti ya watoto kwenye maduka ya mitumba, ambako Agosti yanauzwa rahisi kuliko Novemba.