Kompyuta ya Gemu Huanzia Kwenye Soketi

Kila bumu likiingia, mlango wa chumba chetu hugongwa. Anaingia dogo wa mwaka wa kwanza, simu mkononi, ameshaandika orodha yake: prosesa hii, kadi ile, kasha la kioo lenye feni nne zinazowaka rangi. "Kaka shikamoo. Nina laki nane, nataka kuunga mashine ya gemu. Hapa nipunguze nini?" Kabla sijaigusa hiyo orodha namuuliza swali moja: utaichomeka wapi? Wengi wanacheka, wakidhani natania.

Sitanii hata kidogo. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi anayeunga kompyuta yake ya kwanza ya gemu aanzie ukutani kwenye umeme, aje kwenye pawa saplai, ndipo afike kwenye kadi ya grafiki. Karibu sote tunaenda kinyume. Tunaanza na kadi kwa sababu ndiyo yenye jina, tunamalizia na pawa saplai kwa chenji iliyobaki. Mimi nilifanya hivyo, na hela niliyochezea haikuwa yangu peke yangu.

Kwetu ni Uchindile, huko juu ambako treni ya TAZARA ikishaiacha Mlimba inapanda milima na kupita kwenye mahandaki kuelekea Makambako. Mama analima mpunga chini bondeni. Mwaka nilioanza chuo aliuza magunia, akanipa hela ya "kompyuta ya kusomea", mimi nikajazia na bumu. Sikumdanganya sana, maana kozi yangu ina kazi za kuchora ramani. Ila moyoni nilikuwa nawaza GTA V.

Nikaingia Kariakoo. Kwenye duka moja nikapata kasha zuri, na ndani yake kuna pawa saplai "ya bure". Kibandiko kinasema wati 500. Ukiinyanyua ni nyepesi kama pakiti ya biskuti. Niliona nimepata dili. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika hosteli, ukarudi kwa kishindo, tukasikia pah! Harufu ikajaa chumba kizima. Pawa saplai ilikufa, na haikufa peke yake. Iliondoka na mazabodi, ikaondoka na kadi.

Mama sikumwambia mpaka likizo. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo hicho kinacholeta umeme ndicho ulichochukua cha bure?" Mama hajawahi kufungua kompyuta. Lakini tulipofunga sola nyumbani, yeye ndiye aliyekataa betri ya bei rahisi. Alijua kitu ambacho mimi na video zote nilizotazama sikukijua.

Basi tuanzie ukutani. Umeme wetu kwa maandishi ni volti 230. Chumbani hali ni nyingine. Mko wanne kihalali, wawili wanabebana, soketi moja inafanya kazi, na ekstensheni moja imebeba pasi, chaja sita na lile jiko ambalo mlezi wa hosteli hatakiwi kuliona. Mtu akiwasha jiko, taa inafifia. Hapo ndipo unataka kuchomeka mashine iliyokula akiba yako yote. Nunua ekstensheni yako mwenyewe yenye waya mnene. Ongeza kile kidude cha kulindia friji au runinga, kile kinachokata umeme ukizidi au ukipungua, na ambacho umeme ukirudi husubiri kwanza ndipo kiuruhusu upite. Hakitazuia mashine kuzimika ghafla, ila kitaipunguzia lile pigo la umeme unaorudi. UPS ni bora zaidi kwa sababu inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi. Ukinunua ya mtumba, ijaribu hapo hapo dukani kwa kuichomoa ukutani, maana betri nyingi za mtumba zimeshachoka.

Kisha pawa saplai. Usisome namba kubwa ya kibandikoni, soma mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula hasa hapo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Kibandiko kikisema wati 500 halafu mstari huo una ampea 18, hesabu inakupa wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonunua, zilizobaki ni maneno. Alama ya 80 Plus inahusu ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Yenyewe haisemi kwamba kifaa kina ulinzi, kwa hiyo angalia pia kama ulinzi wa umeme kuzidi na wa shoti umetajwa. Jambo moja zaidi: pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu kwa nyuma chenye 115 na 230. Ukikikuta kwenye 115 ukawasha hapa kwetu, umeua mashine kwa sekunde moja. Kiangalie kabla ya kuchomeka chochote.

Sasa ndiyo tufike kwenye kadi. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimeundwa kuishi humo humo. Nyingi hazihitaji waya wa ziada, ingawa matoleo mengine ya 1650 yanauhitaji, kwa hiyo igeuze uangalie. RX 580 ina nguvu kuzidi hizo, ila inakula kama wati 185. Dogo mwenye RX 580 na pawa saplai ya bure hana kompyuta, ana kiberiti.

Kadi za mtumba zina hadithi zake. Nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, na Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi hizo zilimwagwa sokoni dunia nzima. Si lazima iwe mbovu. Feni hubadilishwa na gundi ya joto hupakwa upya. Lakini usikubali kuonyeshwa picha ya Windows tu ukalipa. Mwambie muuzaji iendeshe gemu nusu saa, akigoma ondoka. Zipo pia za kughushi: kadi ya zamani sana imebadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kama 1050 Ti. Weka programu ya GPU-Z kwenye flashi yako. Ni ya bure, na ikiibaini kadi ya namna hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina lake.

Kwa mwenye laki saba au nane, ushauri wangu ni huu, na najua wazee wa kuunga toka sifuri watanicheka: nunua kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uiongezee kadi ya wati 75. Pawa saplai yake haina mbwembwe, lakini ilitengenezwa kukaa ofisini ikiwaka kutwa. Chukua kasha la mnara, usichukue lile jembamba, kwa sababu jembamba linapokea kadi fupi tu na hizo ni adimu. Kumbuka pia kwamba nyingi zina plagi za pawa saplai za kwao wenyewe, hivyo kubadilisha baadaye si rahisi. Na kama bajeti inaruhusu, tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Windows 11 rasmi huanzia hapo, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025.

Anayetaka vipya naye ana njia. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi kabisa. Utacheza eFootball vizuri, GTA V kwa kushusha ubora wa picha, halafu bumu la mwakani linunue kadi. Hapo RAM iwe vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu grafiki ya ndani inakopa kutoka kwenye RAM na vipande viwili vinaipa njia pana zaidi. Kwa njia zote mbili, usikose SSD. Monita ya ofisi ya mtumba inatosha. Kioo na feni za rangi viwe vya mwisho, au visiwepo.

Najua kuna wenzetu wanaouliza: mtu wa mkopo na kompyuta ya gemu wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Hela ya bodi ni deni, na anayeshindia maji ili anunue kadi anajiandalia sapu. Tena naongeza: kama huna kompyuta yoyote, nunua laptopu ya kawaida kwanza. Inaingia darasani, na umeme ukikatika siku ya kukusanya kazi ina betri. Lakini kwa aliyeshajipanga, sioni aibu yoyote. Mashine inayoendesha GTA V ndiyo hiyo hiyo inayochora ramani kwenye QGIS na kutengeneza katuni kwenye Blender, na programu zote mbili hizo ni za bure. Kwa laki nane laptopu ya gemu ya kueleweka huipati, na ukiipata, kadi yake ikifa huwezi kuichomoa uweke nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni hela inayopotea kimya kimya. Kila muhula namwona mtu au wawili wakirudi na kadi feki au mazabodi iliyoungua, na hakuna anayesema kwa sababu anaona aibu. Mimi mwenyewe nilinyamaza miezi. Ndiyo maana naiomba serikali yetu ya wanafunzi kitu kimoja kidogo: meza ya kupimia. Pawa saplai moja nzima inayojulikana, monita moja, mita ya kupimia umeme, na flashi yenye programu za majaribio. Iwe wazi Jumamosi mbili baada ya kila bumu, na sisi tunaojua kidogo tukae pale kwa zamu bila malipo. Vifaa vyote hivyo havifiki gharama ya muziki wa bonanza moja. Mwenye kadi aje aipime kabla ya siku za kurudisha dukani hazijaisha.

Mashine yangu ya pili ni OptiPlex ya mnara na GTX 1650. Nimeipima: nikicheza, yote kwa pamoja inavuta kama wati 150. Likizo iliyopita niliifunga kwenye blanketi nikapanda nayo treni. Kihansi, kituo cha megawati 180, kiko upande wetu huo huo wa bonde, lakini nyumbani bado tunategemea sola, na sola yetu haiiwezi mashine hii. Kwa hiyo niliiwasha Mlimba, kwa mjomba, mwenye umeme wa TANESCO.

Mdogo wangu akaikimbilia kibodi. Mama yeye alizunguka nyuma ya mashine, akainama, akafuata waya kwa kidole mpaka pale unapoingilia.

"Na hiki umekilipia?"

"Nimekilipia, mama."

Akavuta kiti, akakaa amtazame mdogo wangu akicheza.