Faili Langu Lihame Nami: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote: idara yako ya afya ya akili ilikataa kumpelekea daktari wangu mpya nakala ya faili langu, ikasema aliyeamua kuhama ameamua kuanza upya. Basi nimeanza upya. Dawa iliyokwisha kushindwa ikajaribiwa tena, kwa kuwa daktari hakuwa na karatasi ya kumwonyesha ilishindwa lini na kwa dozi gani. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla haijajulikana kama zinafaa, na wiki hizo ni za mgonjwa, si za idara.

Kubaki na daktari au kumwacha ni sehemu ya matibabu yenyewe. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 295 ulionyesha kuwa maelewano ya mtibiwa na mtaalamu wake huenda sambamba na matokeo ya tiba ya mazungumzo: wakubaliane wanaelekea wapi na kwa njia gani, na waaminiane. Yakikosekana hayo, kuondoka ni busara. Wahudumu wenu hujibu kwamba wagonjwa hukimbia ukweli mchungu. Wapo, sikatai. Tiba hiyo ina vipindi vinavyouma, na anayeondoka kila panapouma hatapata nafuu kwa yeyote. Ndiyo maana ni vyema kwanza kumweleza daktari waziwazi kisichofaa na kumpa nafasi ya kubadilika. Lakini ni nani atakayejua huyu anakimbia na yule ameamua kwa haki, ikiwa rekodi imefungiwa kabatini? Mnamtuhumu mgonjwa huku mmeushika ushahidi wake, kisha mnamtuma kuanza upya.

Idara ilijitetea kwa usiri. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazikinga habari za afya dhidi ya wasiohusika, na sheria hiyohiyo inampa mwenye data haki ya kuziona na kuomba zihamishiwe kwingine. Siri ni yangu. Nimeomba itolewe kwa anayenitibu. Kama kuna maandishi mnayohofia yatamuumiza mgonjwa akiyasoma peke yake, yapelekeni kwa daktari moja kwa moja. Na kwa baadhi ya wagonjwa kuanza upya ni hatari kubwa zaidi: dawa ya lithiamu ina mpaka mwembamba kati ya dozi inayotibu na inayodhuru, na daktari asiye na majibu ya awali ya damu na figo anapapasa gizani.

Jopokazi la kitaifa lilipendekeza mwaka 2020 ugonjwa wa akili utangazwe dharura nchini Kenya. Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa mwaka 2022. Dharura gani hii ambayo hospitali inaruhusiwa kupoteza makusudi kazi ambayo daktari mwingine ameshaifanya? Madaktari wa akili ni wachache, na kila anayelazimishwa kuanza upya anakula muda wa aliye kwenye foleni.

Ninaomba nakala ya faili langu ifike kwa daktari wangu. Ninataka pia kila anayehama apewe muhtasari wa ugonjwa wake, dawa zilizojaribiwa na dozi zake, sababu za kuziacha, na majibu ya vipimo, bila kuulizwa kwa nini anaondoka. Nijibu kwa maandishi, na jibu litaje ni afisa gani aliyeamua nizuiliwe faili langu, na kwa kifungu kipi cha sheria.

Aliyekuwa mgonjwa wenu.