Tuwaache Akina Fei, Tuwalee Watoto wa Njeru

Jamani, huu mjadala wa Zanzibar Heroes haujaisha na wala sijui utaisha lini. Ukipita Jaws Corner jioni unaukuta kwenye kahawa, ukienda Michenzani unaukuta, ukipanda daladala ya Amaan nao umo humo humo. Hivi timu yetu inajengwa upya au tunadanganyana tu? Na kama inajengwa, inajengwa na nani? Na akina Feisal Salum, Ibrahim Bacca na Mudathir Yahya, au na watoto ambao nusu yetu hata majina yao hatuyajui?

Kambi zipo mbili. Ya kwanza inasema timu ni mastaa. Waitwe wote wanaocheza Bara, wavae jezi, mambo yamekwisha. Ya pili inasema mastaa wamekwishapata maisha yao, tuanze upya na vijana. Kila kambi ina wazee wake na kelele zake, na ukweli ni kwamba kambi ya kwanza ndiyo yenye watu wengi. Nami naomba nitoe langu: niko na kambi ya pili. Sio kwa sababu siwapendi akina Fei, hapana. Ni kwa sababu timu ya mastaa sisi haiwezekani, hata tukitaka.

Nieleze. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF walitupokea kama mwanachama kamili, tukashangilia, magari yakapiga honi mji mzima. Julai mwaka ule ule, pale Rabat, wakatutoa. Hoja yao ilikuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Tulikaa ndani miezi minne tu! Sasa mtu atauliza, hilo linahusiana vipi na Bacca kucheza Heroes? Linahusiana sana. Zile sheria za FIFA zinazoilazimisha klabu kumwachia mchezaji akaitumikie timu ya taifa, kwetu sisi hazifanyi kazi. Taifa Stars ikimwita mchezaji, klabu inamwachia, itake isitake. Heroes ikimwita, ni ombi. Klabu ikiwa na mechi wiki ile, jibu tunalijua.

Ongeza na hili. Michuano yetu mikubwa ni Challenge ya CECAFA, na ratiba yake haitabiriki. Ilichezwa Uganda Disemba 2019, tukaishia makundi. Ya mwaka 2021 kule Ethiopia ikafanywa ya vijana chini ya miaka 23. Sasa wewe unataka kujenga timu juu ya watu saba ambao huna uhakika wa kuwapata, kwa mashindano ambayo huna uhakika wa tarehe yake. Hiyo ni nyumba ya makuti juu ya mchanga wa Forodhani.

Najua kuna watakaosema, mbona Januari 2025 tulilichukua Kombe la Mapinduzi? Kweli tulilichukua. Mwaka ule yalichezwa na timu za taifa, fainali pale Gombani tukaifunga Burkina Faso 2-1, na Pemba haikulala. Nilifurahi kama nyote. Lakini tukumbuke yale ni mashindano yetu, uwanja wetu, tarehe zetu wenyewe. Ukipanga karamu nyumbani kwako huwezi kukosa sahani. Kipimo ni ugenini, na kombe la ugenini tulilonalo ni lile la Challenge ya mwaka 1995 nchini Uganda. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto.

Sasa turudi Disemba 2017, maana ndiyo mwaka ambao kambi zote mbili wanautumia kama ushahidi. Kenya, kocha Hemed Suleiman "Morocco". Tukaifunga Rwanda 3-1, tukaifunga Kilimanjaro Stars 2-1, nusu fainali tukaitoa Uganda 2-1, na Uganda ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Fainali Machakos tarehe 17, Kenya wakatangulia mara mbili, mara mbili tukasawazisha, penalti zikatunyima. Kambi ya mastaa wanasema, si mnaona, tulikuwa na Fei na Mudathir!

Wallahi hapo ndipo tunapojisahau. Fei wa 2017 hakuwa staa. Alikuwa kijana wa JKU. Yanga walimchukua 2018, Azam wakamchukua 2023, lakini wakati anavaa jezi yetu kule Kenya wengi wa Bara hawakuwa wanamjua. Na Bacca je? Alikuwa akiichezea KMKM mpaka Januari 2022 Yanga walipomchukua. Leo kila mtu anasema alijua tangu mwanzo. Kwa hiyo ile 2017 ni ushahidi wa upande wetu sisi. Timu iliyotufikisha fainali ilikuwa na vijana wa ligi ya nyumbani waliopewa nafasi kabla ya kuwa majina.

Basi vijana wa leo ni nani? Hili ndilo lililonifanya niandike. Novemba 2023, pale Njeru, Uganda, timu yetu ya chini ya miaka 15 ilichukua ubingwa wa CECAFA. Fainali tuliwatoa Uganda wenyewe, nyumbani kwao, kwa mikwaju ya penalti. Ubingwa, si nafasi ya pili! Tukawapokea, tukapiga picha, tukala pilau. Halafu? Watoto wale sasa wana miaka 17 na 18. Ni umri ambao mchezaji anatengenezwa au anapotea. Hebu muulize shabiki yeyote anayebishana kuhusu Fei akutajie watano tu wa kikosi kile na klabu wanazochezea. Atakohoa.

Na kuna sababu nyingine ya kuwathamini. Tusijifanye tumesahau Aprili 2018 kule Burundi, timu yetu ya chini ya miaka 17 ilipoondolewa mashindanoni kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Aibu ile ilitugharimu kuliko fedha. Kumpeleka mtu mzima kwenye mashindano ya watoto ni kula mbegu. Unashinda leo, miaka mitano baadaye ukitafuta timu ya wakubwa huna, kwa sababu yule "kijana" wako amekwishazeeka na mtoto wa kweli ulimwacha nyumbani. Kikosi cha Njeru ndiyo mbegu tuliyoipata tena. Tukiila na hii, tusimlaumu mtu.

Wapo wanaotolea mfano Comoro. Wanasema wenzetu kisiwa kama sisi, wamefika AFCON iliyochezwa Cameroon Januari 2022, wakaifunga Ghana 3-2 na kuvuka makundi, tena kwa mastaa wa nje. Sawa, lakini Comoro ni mwanachama wa FIFA tangu 2005, na wachezaji wao wengi wamelelewa kwenye klabu za Ufaransa. Wao wakiita, klabu inaachia. Sisi Marseille yetu ni Mao Zedong na viwanja vya mitaani. Tufanye kwa kile tulichonacho.

Tunacho nini? Tuna klabu za vikosi: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Watu wanazibeza, wanasema kijana akishapata ajira na gwanda, njaa ya mpira inaisha. Lipo la ukweli, lakini mama wa Kikwajuni anayemwona mwanawe anapata mshahara mwisho wa mwezi hawezi kuubeza mpira huo. Na si ndiko walikotoka Fei na Bacca? Tuna pia klabu za kiraia kama Mlandege, ambayo Januari 2024 iliifunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi pale Amaan. Mpira upo. Kinachokosekana ni mtu wa kumfuata kijana kutoka miaka 15 mpaka 21 bila kumwacha mkono.

Ushauri wangu kwa ZFF ni mfupi. Kwanza, kikosi cha Njeru kiwe na daftari: kila mmoja yuko klabu gani, anacheza dakika ngapi, anasoma skuli gani, ana majeraha gani. Pili, klabu za Ligi Kuu zibanwe kuwapanga vijana wa umri huo uwanjani, si kuwavalisha bibu benchi. Tatu, tusisubiri CECAFA. Comoro na Mombasa si mbali, tuombe mechi, tufungwe, tujifunze. Mastaa wakipatikana, karibu sana, waje wawafundishe wadogo zao. Wasipopatikana, timu isisimame.

Na sisi mashabiki? Letu ni gumu zaidi. Tutafungwa. Timu ya watoto inafungwa, tena vibaya. Siku hiyo ikifika tusianze kupiga kelele arudishwe fulani na fulani. Tumesubiri tangu 1995, hatushindwi kusubiri miaka mitatu mingine, safari hii tukijua tunasubiri nini.

Naomba kuwasilisha.