Mlango Wazi, Kabati Tupu

Oktoba 2025, jamaa zetu walioko Minnesota walitupigia simu kutuarifu kwamba serikali ya Marekani imefungwa. Vyama viwili vikubwa vilikuwa vimegongana juu ya ruzuku ya bima ya afya, bajeti ikakwama, na kuanzia tarehe 1 mwezi huo hadi tarehe 12 Novemba, siku 43, wafanyakazi wengi wa serikali kuu wakatumwa nyumbani au wakaendelea na kazi bila mshahara. Waliokuwa wakitusimulia wengi wao hufanya kazi ya kuuguza wazee na wagonjwa huko, kwa hiyo walijua vizuri walichokuwa wakisema. Huku Kisii na Nyamira tuliwasikiliza kwa adabu, na wengine wetu tukacheka chinichini. Hatukuwa tukiwabeza. Tulishangaa tu kwamba kumbe kuna nchi ambayo serikali ikishindwa kulipia huduma, huwa inatangaza.

Kwetu serikali haifungwi. Zahanati hufunguliwa asubuhi kama kawaida. Muuguzi yupo, sare imepigwa pasi, na ukutani umebandikwa mkataba wa huduma unaomwambia mgonjwa haki zake na muda atakaongojea. Kasoro iko kwenye kabati la dawa. Muuguzi hupima, huuliza maswali yanayostahili, kisha huandika majina ya dawa kwenye kipande cha karatasi na kusema, "Hizi utanunua nje." Mama anayekaribia kujifungua naye hupewa orodha yake mapema: glavu, pamba, kibanio cha kitovu, chupa ya Jik. Ukiuliza kama zahanati imefungwa, utajibiwa kwamba haijafungwa, na jibu hilo ni kweli tupu.

Makala za toleo hili zinatazama afya na siasa katika kaunti zetu mbili kutoka pembe mbalimbali, na waandishi wake hawakubaliani. Mimi nina hoja moja ya kuwatangulizia. Mvutano juu ya fedha za afya haumalizwi hapa kwetu kwa sababu haumgharimu chochote anayevutana. Mlango ukibaki wazi, hakuna siku ambayo mwananchi anaweza kuitaja akasema: tarehe hii mlitufungia. Pasipo na tarehe hapana mshtakiwa.

Kuna wakati tulikaribia kuiona tarehe hiyo. Septemba 2020, nchi ikiwa bado inahangaika na Korona, Seneti ilikuwa imeshindwa kikao baada ya kikao kukubaliana juu ya fomula ya kugawa fedha kwa kaunti 47. Baraza la Magavana, likiongozwa na Wycliffe Oparanya, likaagiza kaunti zisitishe shughuli na hospitali zake zisilaze wagonjwa wapya. Ilikuwa amri katili, na waliohatarishwa nayo hawakuwa maseneta. Hata hivyo, Septemba 17 maseneta walipatana. Seneta wa Kisii wakati huo alikuwa Profesa Sam Ongeri, daktari aliyewahi kuwa Waziri wa Afya zama za Moi. Nimewaza mara nyingi jinsi Seneti iliyokuwa na watu wa uzoefu kama wake ilivyohitaji kutishwa kwa kitanda cha mgonjwa ndipo ihesabu kura.

Tangu hapo mchezo umerudiwa kwa sauti ya chini. Mswada wa Fedha ulipoondolewa Juni 2024 baada ya maandamano ya vijana, Bunge la Kitaifa lilitaka mgao wa kaunti ushuke kutoka shilingi bilioni 400.1 hadi bilioni 380. Seneti ikakataa. Suala likaenda kwa kamati ya upatanishi, na walipokubaliana bilioni 387.4 mwaka wa fedha ulikuwa unakaribia nusu. Mwaka uliofuata Seneti ilitaka bilioni 465, Bunge la Kitaifa likasema 405, wakakutana kwenye 415. Mimi nasimama na Seneti katika hilo la 2024. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti sehemu kubwa ya kazi ya afya, na huwezi kumkabidhi mtu mzigo kisha ukampunguzia chakula katikati ya safari. Lakini haki ya Seneti haikupeleka kidonge kimoja Nyamaiya wala Ogembo katika miezi ile ya kuvutana. Kaunti ikichelewa kupata fedha, hushindwa kulipa deni lake kwa KEMSA, mamlaka inayosambaza dawa, na deni likizidi, mzigo wa dawa unaofuata hupungua au haufiki kabisa. Hivyo ndivyo ubishi wa Nairobi unavyogeuka kuwa kipande cha karatasi mkononi mwa mgonjwa.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wa Nairobi na kuishia hapo. Nyamira inatukataza. Mwaka 2024 wawakilishi wadi walimbandua Spika Enock Okero, kesi zikaenda kortini, na kaunti ndogo yenye bunge dogo ikajikuta na mabunge mawili, moja likikutana katika jengo lake na jingine likizunguka kwa jina la Bunge Mashinani. Kila upande ulikuwa na wakili wake na ufasaha wake. Mishahara ya wafanyakazi wa kaunti, wauguzi wakiwemo, ikawa inachelewa. Novemba 2025 wawakilishi walipiga kura kumng'oa Gavana Amos Nyaribo baada ya majaribio mengine kushindwa, na mwezi uliofuata Seneti ikaitupa hoja hiyo kwa sababu idadi ya kura haikutimia. Mashtaka yenyewe hayakusikilizwa. Kama gavana alikosa, hatukuambiwa. Kama alionewa, hatukuambiwa pia. Kilichobaki ni mwaka mzima na zaidi ambao bunge, ambalo kazi yake ni kupitisha bajeti na kuuliza dawa zimekwenda wapi, lilikuwa likijiuliza lenyewe ni lipi.

Kisii hatuna la kujivunia. Machi 2024 Seneti ilimwondoa Naibu Gavana Robert Monda, na baina ya gavana wa ODM, Simba Arati, na wabunge wa UDA kumekuwa na uhasama ambao umeharibu mikutano mingi. Kituo cha saratani tulichoahidiwa, cha mkopo wa benki ya BADEA na Mfuko wa Saudi, kimezungumzwa kwa miaka huku wagonjwa wakipanda magari ya usiku kwenda Nairobi na Eldoret. Na tuitaje Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti unaupasua katikati. Kaunti zetu mbili zimezozana miaka na mikaka juu ya nani atoze ushuru katika soko lile. Sijawahi kusikia zikizozana juu ya nani amtibu aliyeangukia mpakani.

Sasa SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Hapa ndipo siasa imeingia hadi kwenye steji ya bodaboda, mahali ambapo kusema umelipia SHA ni kama kutangaza utampigia nani kura. Sheria zake zilitiwa saini Oktoba 2023, Mahakama Kuu ikazibatilisha Julai 2024 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa umma, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ikaondoka. Anayefikiri ugomvi huu ulianza na serikali hii amesahau Charity Ngilu alipokuwa Waziri wa Afya. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wake wa bima ya afya kwa wote, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Zaidi ya miaka 20 tumekuwa tukibishana swali lilelile, nani alipie afya ya asiye na mshahara, na kila kizazi cha wanasiasa hulichukua kama jipya.

Nina maoni yangu kuhusu SHA, na si ya kuisifu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza kwamba mfumo wake wa kidijitali, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Hilo peke yake lingetosha kuwakosesha usingizi waliousaini. Lakini nitazame kitu kimoja kilicho karibu zaidi nasi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hana la kuamua. Mkulima wa chai wa Kebirigo au Nyansiongo hukadiriwa mapato yake kwa maswali, anaambiwa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mpango ulipoanza alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Chini ya NHIF alikuwa akilipa 500 mwezi kwa mwezi. Fedha za mkupuo mkulima huyu huziona mara moja kwa mwaka, bonasi inapotoka, na bonasi ya upande wetu wa Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa mbali na ile ya Mlima Kenya. Bonasi hiyo tayari ina wenyewe: karo, mbolea, deni la duka. Baadaye serikali ilileta mpango wa kukopa na kulipa polepole, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kituo cha kununulia majani chai angewaambia mapema. Wapinzani wa SHA walikuwa na nafasi ya kulisema hili kwa hesabu na kalenda. Wengi wao walichagua kusema "mturudishie NHIF", kana kwamba tumesahau NHIF iliziachia hospitali madeni ya mabilioni.

Katikati ya yote hayo yuko mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake na mashine ya kupima presha. Tangu Septemba 2023 ameahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu itoke kaunti. Ukitaka kujua hali ya uhusiano kati ya Nairobi na Kisii usisome magazeti. Muulize ni nusu ipi imeingia.

Na familia inapoelemewa, tunajua inakoelekea. Kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, namba ya M-Pesa hutumwa, na kila jioni orodha ya waliotoa hubandikwa na majina ya wasiotoa husomeka kwa kutokuwepo. Hii harambee ya bili ya hospitali ndiyo kodi ya tatu ya Mgusii, na ndiyo pekee isiyochelewa. Inawafaa sana wanasiasa. Mheshimiwa akituma elfu kumi hushukuriwa kama mfadhili, na hakuna anayemuuliza kura yake ya bajeti ilikifanyia nini kitanda kile.

Wapo wanaosema dawa ya haya ni viongozi wetu kuungana. Machi 2025 Rais Ruto na Raila Odinga walitia saini makubaliano, na serikali jumuishi ikawa jambo rasmi. Kelele kati ya ODM na UDA zilipungua. Sikuona kabati likijaa kwa sababu hiyo. Mimi nauogopa umoja wa namna hii kuliko ugomvi, maana katika ugomvi angalau mmoja hufichua alichokula mwenzake.

Ningependa ugomvi uendelee, ila usipewe ufunguo wa kabati. Ipo sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya, ambayo ilizungumzwa kidogo kuliko SHA ingawa ilitoka wakati uleule. Inasema kwamba kile hospitali inachokusanya kibaki hospitalini na kitumike hapo, juu ya mgao wake wa bajeti, badala ya kwenda kwanza kwenye akaunti kuu ya kaunti na kusubiri. Ikitekelezwa bila hila, zahanati yenye akaunti yake na kamati yake inaweza kununua glavu wiki ambayo maspika wawili wanagombea siwa. Kuna hatari ya wizi mdogo mdogo, najua. Wizi mdogo unaofanyika mbele ya kamati ya watu wanaojuana kanisani nauona una nafuu ya kushikwa.

Bajeti ya kaunti ya 2027/28 inapaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30, 2027, na kupitishwa kabla ya Juni 30. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10. Maana yake ni kwamba bajeti ya kwanza ya afya ya utawala ujao itajadiliwa na watu walio barabarani wakiomba kura, wengi wao wakijua hawatarudi. Atakayepita kwako na ambulensi yenye picha yake ubavuni, muulize kama atakuwa kikaoni wiki ya kupitisha bajeti, na uandike alichojibu.