Mlango Katika Wavu

Sahani ya kamba iletwapo mezani, ni nadra mtu kuuliza ni viumbe gani waliokufa pamoja nao. Twapenda kuliuliza swali hilo leo, wasomaji wetu, na mfano twautwaa Marekani, ambako ugomvi wake ulikuwa mkali.

Kamba wa biashara huvuliwa kwa wavu mfano wa mfuko mpana, unaokokotwa na chombo chini ya bahari. Mfuko huo hauchagui. Kasa akiingia humo hafi kama samaki afavyo, kwa kuwa yeye huvuta pumzi kama sisi, hufa maji. Mvuvi hakumkusudia wala hamtaki, humtupa tu. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi ile lilieleza kwamba katika maji yake nyavu za kamba ziliua kasa wengi kuliko kazi nyingine zote za wanadamu zikijumlishwa.

Ajabu ni kwamba dawa ilianzia kwa mvuvi mwenyewe. Katika miaka ya 1960 Sinkey Boone wa Georgia, akiudhiwa na yavuyavu waliojaa wavuni mwake, alitia ndani kiunzi cha fito kilichoinama, na kando yake akaacha mlango. Kamba walipita kati ya fito. Kilicho kikubwa kiliteleza nje. Kumbe njia hiyo yamfaa na kasa!

Serikali ilijaribu kwanza kuwashawishi wavuvi kwa hiari, wakakubali wachache. Mwaka 1987 ikatoa amri. Julai 1989 vyombo vya kamba vikaziba milango ya bandari za Texas, na jimbo la Louisiana likawakataza askari wake kuisimamia amri hiyo hata mwaka 2015. Nasi hatuwacheki watu hao. Mwenye deni la chombo akiambiwa autoboe wavu wake, atahesabu kwanza kamba watakaotoroka. Na nyasi zikiziba fito, hutoroka kweli. Lakini kiunzi kikifungwa sawasawa hasara huwa ndogo, na mzigo wa takataka hupungua.

Samaki wachanga hakiwaokoi, maana wao hupenya pamoja na kamba. Hao wamefanyiwa tundu jingine juu ya mfuko: samaki ana nguvu za kuogelea mpaka akalifikia, na kamba hana.