Mmea Mmoja, Paketi Kumi

Siku hizi hukosi dukani paketi inayoahidi kuyeyusha kitambi: chai ya kijani, chai nyeupe, chai ya zambarau. Wachumaji wa Nyansiongo, wanaotupa majani mawili na kichipukizi chake kwenye kikapu cha mgongoni, wanajua mmea ni uleule. Tofauti nyingi huanzia kiwandani. Ya kawaida husagwa, ikaachwa ipate hewa mpaka igeuke kahawia, ndipo ikaushwe. Ya kijani hupigwa joto mapema isigeuke. Nyeupe ni vichipukizi vilivyonyaushwa na kukaushwa, basi. Ya zambarau ndiyo yetu hasa, mbegu TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, na rangi yake ni ya jamii moja na ile ya zabibu nyeusi. Zote zina polifenoli, kemikali asilia za mimea, na tafiti nyingi zinaonyesha wanywaji wa chai wana nafuu kidogo ya maradhi ya moyo. Kidogo, nasema, na nafuu yenyewe haivumilii vijiko vinne vya sukari tunavyozamisha kila kikombe. Bora strungi kavu kuliko paketi ya bei mbaya. Lisiloandikwa paketini ni hili: chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga kama chinsaga na managu. Mama mjamzito asishushie ugali kwa chai, wala mtoto asipewe. Mama angoje saa moja hivi, birika halikimbii.